Filamu ya Bwawa na Ruhusa ya Bi Mwanaidi

Ninyi vijana mnaonijia na kamera zinazoenea kiganjani, kila mara mnaniuliza swali moja: Mzee, enzi zile za Ujamaa, nani aliwapa ruhusa ya kupiga picha chini ya maji huku milimani, na nani aliwaruhusu kuzionyesha? Mnauliza kama watu wanaotafuta namba ya mlango wa ofisi. Kaeni chini. Nitajibu, ila msinikatize, maana hasira zangu ziko karibu na hazijawahi kuhamia mbali.

Nilikuwa mpiga picha za sinema wa serikali. Kwetu ni Malindi, si ile ya pwani bali hii ya Lushoto, kule juu milimani, na katika kitengo chetu Dar es Salaam kila kazi ya Usambara niliangushiwa mimi, kwa sababu nilijua Kishambaa na kwa sababu niliwahi kujisifu kwamba siogopi baridi. Hilo la baridi lilikuwa uongo.

Kamera yetu ilikuwa ya kufunga springi, kama saa ya mezani. Ukiifunga mpaka mwisho inakwenda muda ambao hata Baba Yetu ya haraka huimalizi, halafu inakata, na hapo bwana usiombe jambo zuri litokee. Kuiingiza majini tulitengenezewa sanduku la chuma na fundi wa kiwanda cha mbao kule Shume. Upande mmoja alitia kioo kinene, pembeni akazungushia mpira wa ndani wa baiskeli na girisi. Nawapa siri ya bure: mkitaka kujua kama sanduku linavuja, msitie kamera. Tieni unga. Sisi mara ya kwanza tulilizamisha na unga mkavu wa muhogo likarudi na uji, na fundi akauliza kama tulikuja na sukari.

Siri ya pili: acheni sanduku wazi alfajiri, hewa ya ndani ipoe, ndipo mlifunge. Mkilifunga na hewa ya jua la mchana, likigusa maji baridi kioo kinalia machozi kwa ndani na picha yote inakuwa ukungu. Na ukungu wa Lushoto mnaujua, hauhitaji kusaidiwa.

Sanduku tulilifunga kwenye mti mrefu wa mkaratusi. Mimi nilikaa juu ya chelezo cha mapipa, nashusha mti, navuta uzi, kamera inakimbia huko chini. Sikuona ilichokuwa inapiga. Mlisikie hilo vizuri, kwa sababu kila kilichonipata baadaye kilitokana nalo: picha ya chini ya maji niliipiga nikiwa kipofu.

Sasa kazi yenyewe. Chini ya Shume kulikuwa na kijiji cha ujamaa kilichorithi bwawa la mlowezi mmoja aliyeondoka baada ya Uhuru. Mdomo wa bomba la kutolea maji, chini kabisa ukutani, ulikuwa umezibwa na gogo. Bwawa limejaa, na bustani za bondeni zinakauka. Kijijini alikuwapo Athumani, kijana wao aliyewahi kufanya kazi ya kuzamia bandarini Tanga, kusugua matumbo ya meli. Akasema gogo hilo atalitoa mwenyewe, hakuna haja ya mtaalamu. Wakubwa zangu waliposikia wakafurahi mno: kijiji kinajikomboa kwa mikono yake, sinema ya Sabasaba hiyo hapo!

Ruhusa za karatasi nilizipata zote. Ofisini Lushoto bwana mmoja alinizungusha siku nzima kwa hoja kwamba mwananchi hawezi kuonekana kifua wazi mbele ya taifa. Nikamweleza kwamba mtu anazama majini. Akasema hata majini kuna heshima. Tukakubaliana Athumani avae fulana, mhuri ukagongwa. Nikatoka pale nimevimba kichwa, nadhani kazi ya ruhusa imekwisha. Mwalimu wangu wa kamera, marehemu Bwana Kasimu, mtu wa Tanga mjini, alikuwa akiniambia, "Mhuri unafungua geti la ua, haufungui mlango wa chumbani." Nilikuwa nikimcheka.

Siku ya kuzama jua lilikuwa kali, maji yanaonekana mpaka chini. Athumani alifungwa kamba kiunoni na shemeji yake Bakari, kaka wa mkewe Zaina. Athumani mwenyewe ndiye aliyemtaka. "Kamba yangu atashika shemeji," alisema. Watu walitazamana, kwa sababu wiki ile ile wawili hao walikuwa wamerushiana maneno mkutanoni. Athumani alikuwa mstari wa mbele wa shamba la pamoja, Bakari hakutaka kuingiza kipande chake. Lakini shemeji ni shemeji. Ishara walizokubaliana zilikuwa rahisi: kuvuta mara moja, niko salama, mara mbili, vuta.

Alizama mara ya kwanza, akatoka. Mara ya pili, akatoka anacheka, anasema gogo linacheza. Mara ya tatu nikafunga springi mpaka mwisho, nikashusha mti, nikavuta uzi. Nikaona mikono ya Bakari, juu ya ukuta wa bwawa, ikianza kuvuta kamba. Mara bondeni, upande wa pili wa ukuta, wanawake wakapiga vigelegele. Maji yametoka! Wakaimba, wakagonga ndoo. Huku juu Bakari alikuwa ameshika kamba iliyopanda tupu, ncha yake inadondosha maji, na Athumani hayupo. Mdomo wa bomba ulikuwa umemvuta na kumkamata. Tulimtoa jioni maji yaliposhuka, na bondeni kuna waliokuwa bado wakiimba, hakuna aliyekuwa na moyo wa kwenda kuwanyamazisha.

Kamba ilitoka tupu. Hilo ndilo lililobaki midomoni mwa watu. Nani aliyeifunga? Bakari. Nani aliyegombana na marehemu? Bakari. Mama wa Athumani, Bi Mwanaidi, mwanamke mfupi mkavu ambaye mwenyekiti wa kijiji mwenyewe alimwogopa, alisimama msibani mbele ya kila mtu akasema, "Fundo la Bakari limeniua. Simsamehe hapa duniani, wala akhera."

Kwa Waislamu wa kule neno hilo si la kutania. Kuanzia siku ile Bakari akisalimu "Onga mshi" njiani, hapati wa kumjibu "Tiwedi". Shambani anaachiwa tuta lake peke yake. Mwenyekiti akaanza kusema kwamba jambo lisipotulia atampeleka polisi Lushoto akaeleze vizuri lile fundo. Na Zaina akawa amekaa eda nyumbani kwa mama mkwe, hatoki nje, haonani na mwanamume asiye wa kwao, anasikiliza kaka yake akilaaniwa chumba cha pili.

Filamu ilipelekwa kuoshwa nje ya nchi, kama zote wakati ule. Wiki zikapita, zikafuata nyingine. Nilikuwa silali vizuri. Nilijua ndani ya kopo lile mna jibu, ila sikujua ni la kumwokoa Bakari au la kummaliza.

Iliporudi tuliitazama watu wawili, mimi na mkuu wangu wa kazi. Athumani yuko chini, fulana yake imevimba kwa maji. Kamba imenasa kwenye vyuma vya mdomo wa bomba, inamzuia kulifikia gogo. Anaivuta, haitoki. Basi anaifungua kiunoni kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, bila hofu. Anainasua. Halafu anaizungusha kwenye gogo, anaivuta mara mbili. Kamba inakaza. Gogo linatikisika, linachomoka, linaponyoka kwenye kamba, tope linafumuka, na springi inakata.

Nilikaa nimeshika mdomo. Mkuu wangu akasimama akapiga makofi. "Shujaa! Hii inakwenda Sabasaba nchi nzima, na pale gogo linapochomoka tutaweka muziki."

Nikamwambia familia haijaulizwa.

"Serikali imeruhusu. Unataka ruhusa ya nani tena?"

Nikamjibu kwa sauti ambayo mtumishi hapaswi kuitumia. Mnanijua. Mwishowe akanipa Landrova ya sinema na nakala moja, akasema nikaulize, ila jibu la hapana nisirudi nalo.

Njia nzima kutoka Mombo kupanda mlima nilikuwa nawaza. Fundo la Bakari lilikuwa zuri. Hilo filamu ilithibitisha. Lakini ilithibitisha na jambo la pili. Aliyevuta gogo lile ni Bakari. Alivuta kwa sababu aliambiwa avute, na kuvuta kwake ndiko kulikofungua maji yaliyomchukua shemeji yake. Ningemsafisha mtu kwa mkono mmoja na kumtwisha mzigo mwingine kwa mkono wa pili. Wenzangu wangapi wamewahi kufikiri hivyo wanapobonyeza kitufe cha kurusha picha? Haya, tuendelee.

Mwezi wa sita, ukungu na manyunyu. Mtu wa kupeleka maneno kwa Zaina alikuwa Bakari huyo huyo, kwa sababu ni kaka yake. Nilimkuta amekonda. Nikamwambia filamu imekuja, na kwamba inaonyesha wazi kuwa fundo lake halikufunguka lenyewe. Akauliza, "Nani amelifungua?" Nikamwambia itabidi akubali nisiseme mpaka wenye msiba waone. Nikamwuliza kama atataka kuitazama yeye kwanza.

"Hapana, bwana picha," akasema. "Kama nina kosa, waanze kuliona wao."

Akaenda, akasimama mlangoni kwa mama mkwe wa dada yake, akaongea na Zaina kwa mbali. Akarudi. "Zaina anasema wataiona. Lakini yeye hatoki, na mama hamwachi. Uwaletee ndani, na wewe usiingie."

Mmewahi kuonyesha sinema katika nyumba msiyoruhusiwa kuingia? Ilikuwa nyumba ya udongo yenye kidirisha cha mbao. Ilikuwa mchana, lakini wakifunga mlango chumba kinakuwa giza totoro. Zaina akatundika shuka ukutani. Mimi nikaweka projekta nje, barazani, nikaifunika turubai kwa ajili ya manyunyu, nikapitisha lenzi dirishani, na wao wakazungushia khanga pembeni tusionane. Jenereta inapiga kelele, kwa hiyo tuliishusha mbali kwenye mteremko. Bakari akasema ataikalia yeye. Nilimwona anaharakisha kushuka, hageuki nyuma.

"Shikamoo, mama," nilisema dirishani.

"Marahaba," akajibu Bi Mwanaidi, kavu. "Onyesha."

Nikawasha. Ilikwenda, ikaisha. Zaina alilia kwa sauti ndogo. Bi Mwanaidi sikumsikia kabisa, nikaogopa.

"Rudisha," akasema.

Nikairudisha kwa mkono, nikaonyesha tena.

"Sasa simamisha pale anapotazama huku."

"Mama, siwezi. Filamu ikisimama mbele ya taa inaungua. Lazima ikimbie."

"Basi ikimbie tena."

Nikaonyesha mara ya tatu. Mvua ilikuwa inagonga turubai. Nilijua ameona kamba ikifunguliwa, ila sikujua kama ameona yaliyofuata, na sikutaka kumwonyesha kwa kidole. Taa ilipozima alisogea karibu na dirisha. Kuanzia hapo aliongea Kishambaa, nawatafsiria.

"Amejifungua mwenyewe."

"Ndiyo, mama."

"Akaifunga kwenye gogo, akaivuta. Huko juu alikuwa anavuta nani?"

Sikuweza kumdanganya. "Bakari, mama. Ndiye aliyeshika kamba."

"Gogo lilipotoka ndipo maji yalipomchukua mwanangu."

"Ndiyo."

Nikasikia Zaina anasema, "Mama, tafadhali." Nilishika ukingo wa dirisha. Nilidhani sasa ndiyo basi, nimemleta Bakari mikononi mwake na ushahidi juu.

"Yeye anajua?" akauliza Bi Mwanaidi.

"Hajui. Hajaiona. Yuko kule kwenye jenereta."

Akasema polepole, kama mtu anayechagua mbegu, "Mwanangu ndiye aliyemwambia avute. Angefanya nini? Angekataa?" Akapiga ukuta kwa kofi. "Kata hapo. Watu wamwone Athumani anafungua kamba kwa mkono wake. Basi. Wasione inafungwa kwenye gogo, wasione inavutwa. Na Bakari asione kamwe."

"Mama, pale ndipo maji yanapofunguka. Wizara inapataka pale."

"Wizara ilimzaa Athumani?"

Swali hilo ninalo mpaka leo.

Zaina akauliza, "Na kaka akiuliza yaliyofuata?"

"Atauliza nini? Mtu akishasafishwa hushukuru akaenda zake. Kata, mwanangu, nikiwa nasikia."

Nikatoa mkasi na gundi ya filamu. Nilikata dirishani pale pale, nikiwa nimekinga mkanda kwa koti langu usilowe, nikaunga ncha mbili. Akanyoosha mkono chini ya khanga, nikampa kipande. Alikifanya nini sijui, na sikuwahi kumwuliza.

Sabasaba tulionyesha uwanjani, kijiji kizima kimekuja na mablanketi. Zaina peke yake alibaki ndani, siku zake zilikuwa hazijatimia. Athumani alipoonekana watu waliguna. Alipofungua kamba kiunoni, vichwa vikaanza kugeuka kumtafuta Bakari. Kisha picha ikaruka moja kwa moja kwenye maji yakikimbia bondeni, niliyoyapiga baadaye. Kabla taa haijazimwa Bi Mwanaidi alisimama, akapita katikati ya watu mpaka alipokuwa Bakari, amejibanza nyuma kabisa. Akamshika mkono. "Neno langu la msibani nimelirudisha," akasema kwa sauti ya wote kusikia. "Tangu leo huyu ni mwanangu." Bakari alipiga magoti akalia, na mimi nikajifanya natengeneza waya.

Mkuu wangu nilimwambia ukweli: nimekata, tena kwa agizo la mwenye mtoto, na kipande hakipo. Aliagiza kwa waosha filamu nakala nyingine kamili, wakati huo Sabasaba imeshapita na hamu imeshapoa, kwa hiyo haikuonyeshwa popote. Mimi niliondolewa kwenye kamera nikawa mwonyesha sinema wa gari. Nilizunguka Tanga yote, mpaka Zirai kwenye matope yanayomeza magurudumu, nikionyesha picha za wenzangu. Iliniuma, nisiwadanganye. Iliniuma miaka.

Kazi hiyo ndiyo iliyonirudisha kijijini siku moja kwa filamu ya kilimo bora. Bakari alikuja kunisaidia kukunja nyaya. Alikuwa amenenepa. Ndiye aliyemkatia Bi Mwanaidi kuni na kumlimia, na chakula cha jioni alikula kwake. Tulikuwa wawili tu nyuma ya gari.

"Bwana picha," akasema, "kile kipande mlichokata. Niliona picha ilivyoruka."

Nikajifanya sijasikia.

"Kamba ilikuwa nzito. Siku ile. Alivuta mara mbili, nikavuta, ikakataa. Nikaweka mguu ukutani nikavuta kwa nguvu zangu zote, ikanifuata kidogo, halafu ikawa nyepesi. Mimi siku zote nilidhani uzito ule ni yeye, na kwamba ameniponyoka. Ulipoonyesha anajifungua, nikajua sikuwa navuta mtu." Aliendelea kukunja waya, mviringo juu ya mviringo. "Nilikuwa navuta gogo."

Nikamwuliza kama Bi Mwanaidi anajua kwamba yeye anajua.

"Hapana. Na usimwambie. Ananiangalia ninavyokula, anaona nimepata usingizi, na yeye anapata wake."

Sikumwambia. Bi Mwanaidi alikufa, Bakari akamzika kama mwana, na miaka mingi baadaye Bakari naye akafuata. Kwa hiyo mliponibana niwasimulie habari ya ruhusa, nilipanda kwanza kwenda kwa Zaina, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu wengi, nikamweleza maneno aliyoniambia kaka yake nyuma ya gari. Hakuwa ameyasikia. Alikaa na sufuria mapajani, hakumenya tena viazi.

"Basi mama alikufa akidhani amemficha kaka," akasema.

"Ndiyo."

"Na kaka akafa akidhani amemficha mama."

"Ndiyo, Zaina."

"Na mimi kila jioni niliwapakulia wote wawili, naogopa mama asije akaropoka." Alicheka, kisha akalia, akajifuta kwa ncha ya khanga. Nilimwuliza kama naweza kuwaambia vijana. Alimenya kiazi kimoja, akamenya cha pili, mpaka nikaanza kutafuta fimbo yangu niondoke.

"Waambie," akasema.